Mlinzi wa Usiku na Haki ya Mtu Mmoja

Katika kampeni za uchaguzi wa Rais zilizofanyika nchini Rwanda kuanzia tarehe 22 Juni hadi tarehe 13 Julai, 2024, wananchi walisikia ahadi nyingi za aina waliyoizoea: barabara, maji, umeme, hospitali na kazi kwa vijana. Lakini mgombea mmoja, Bwana Frank Habineza wa Chama cha Kidemokrasi cha Kijani, aliongeza ahadi ambayo haikuhusu ujenzi wa kitu chochote. Alisema kwamba akichaguliwa ataondoa utaratibu wa kumweka mtuhumiwa mahabusu kwa siku 30 kabla kesi yake haijasikilizwa, kwamba atavifunga vituo vya muda wanamokusanywa watu wa mitaani, na kwamba aliyefungwa bila hatia atalipwa fidia na dola.

Ahadi hiyo inawahusu askari kuliko watumishi wengine wote wa serikali. Barabara hujengwa na wahandisi na hospitali huendeshwa na waganga, lakini mahabusu huanza kwa mkono wa askari juu ya bega la mtu. Kwa hiyo yafaa ndugu zetu wa jeshi na polisi waitazame ahadi hiyo kwa makini. Hatusemi waipigie kampeni, kwani sheria za nchi zinawakataza askari kujiunga na vyama vya siasa. Twasema waitazame kwa sababu swali lililomo ndani yake halikuondoka pamoja na wagombea waliposhuka majukwaani. Swali lenyewe ni hili: dola ina mamlaka kiasi gani juu ya mtu ambaye bado hajahukumiwa?

FIKRA YENYEWE

Fikra ya kwamba serikali iwekewe mipaka mikali mbele ya mtu mmoja ni ya zamani. Katika karne ya 17 Mwingereza John Locke alifundisha kwamba mwanadamu anao uhai, uhuru na mali kabla serikali yoyote haijaundwa, na kwamba serikali huundwa ili ivilinde vitu hivyo vitatu. Mwaka 1859 Mwingereza mwingine, John Stuart Mill, alitoa kitabu kilichodai kwamba dola haina haki ya kumwingilia mtu mzima isipokuwa kwa kumzuia asiwadhuru wenzake. Na mwaka 1974 mwalimu wa falsafa wa Marekani, Robert Nozick, akaifikisha fikra hiyo kwenye ncha yake: dola iwe ndogo kabisa, ilinde watu dhidi ya mabavu, wizi na udanganyifu, isimamie mikataba, kisha ikomee hapo.

Nchini Marekani fikra hiyo ilipata chama chake mwaka 1971. Wagombea wa chama hicho husimama katika kila uchaguzi wa rais, na katika mwaka 2016 mgombea wao, Gary Johnson, aliyewahi kuwa gavana wa jimbo la New Mexico, alipata kura zaidi ya milioni 4. Hakushinda hata jimbo moja. Kiswahili, ambacho tangu mwaka 2017 ni lugha rasmi nchini Rwanda, hakijawa na neno moja lililozoeleka la kuwaitia watu wa mrengo huo. Hapa tutawaita watetezi wa uhuru wa mtu binafsi.

Dola wanayoitaka watu hao ina jina lake la kale: dola ya mlinzi wa usiku. Aliyelitunga alikuwa Mjerumani Ferdinand Lassalle, mjamaa wa karne ya 19, naye alilitunga kwa dhihaka. Aliwacheka waliodhani kwamba kazi yote ya serikali ni kuzunguka na taa usiku na kuwazuia wezi. Lakini jina likabaki, na wenye fikra hiyo wenyewe wakalikubali.

Hapa ndipo askari anapopaswa kusimama kidogo na kufikiri. Mtetezi mkali kuliko wote wa uhuru wa mtu binafsi, yule anayetaka wizara ya kilimo ivunjwe, shule ziwe za watu binafsi na kodi ipunguzwe hadi ikaribie kwisha, bado huacha vitu vitatu mikononi mwa dola: polisi, jeshi na mahakama. Akimaliza kuwaondoa watumishi wengine wote, anayebaki langoni ni askari.

Jambo hilo lina maana mbili. Maana ya kwanza ni heshima: hakuna mwenye fikra timamu asemaye kwamba jamii yaweza kuishi bila mlinzi. Maana ya pili ni uzito. Kwa kuwa askari ndiye aliyekabidhiwa nguvu, basi shaka zote za watu hao juu ya dola humwangukia yeye. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Watetezi wa uhuru wa mtu binafsi huuliza: je, nani atakayemzuia mwenye kisu asiikate nyama isiyo yake?

MGOMBEA NA SAFARI YAKE

Ni haki kusema mapema kwamba Bwana Habineza si mfuasi wa dola ya mlinzi wa usiku. Chama chake ni cha mazingira, na katika ahadi zake aliitaka serikali ifanye mengi: chakula kiwatoshe watu, bima ya afya iwafae zaidi, mazingira yalindwe. Lakini katika jambo la mtu mmoja mbele ya mkono wa dola, yeye ndiye aliyezungumza kwa lugha iliyo karibu zaidi na fikra hiyo kati ya wagombea wa mwaka 2024.

Bwana Habineza alizaliwa mwaka 1977 nchini Uganda, katika familia ya wakimbizi wa Kinyarwanda. Chama chake kilianzishwa mwaka 2009, lakini hakikuandikishwa rasmi hadi Agosti 2013. Katika miaka hiyo ya kungoja, makamu mwenyekiti wake, André Kagwa Rwisereka, alikutwa ameuawa mwezi Julai 2010 karibu na mji wa Butare. Bwana Habineza akaondoka nchini, akaishi Sweden, na akarejea mwaka 2012. Askari aelewe hapa kwamba haki ya kwanza ya mtu, iliyo juu ya haki ya kusema na ya kupiga kura, ni kuwa hai, na mpinzani wa serikali anamtegemea polisi kwa usalama wake sawasawa na mfuasi wa serikali.

Mwaka 2015, ulipofika wakati wa kurekebisha Katiba ili Rais aliyekuwa madarakani aweze kugombea tena, chama hicho kilikwenda Mahakama Kuu Kabisa kupinga. Chama kilieleza kwamba mawakili kadhaa waliikataa kesi hiyo kabla hajapatikana wa kuichukua. Tarehe 8 Oktoba, 2015, Mahakama iliyatupa maombi, na katika kura ya maoni ya Desemba mwaka huo marekebisho yakapita kwa asilimia 98.3. Bwana Habineza aligombea urais mara ya kwanza mwaka 2017, akiwa ameuacha uraia wake wa Sweden ili atimize sharti. Alipata asilimia 0.48 ya kura. Mwaka uliofuata chama chake kilipata viti 2 bungeni, yeye mwenyewe akiwa mmoja wa wabunge hao. Mtu huyo, basi, alishindwa mahakamani na katika kura, naye akaendelea kutumia njia za sheria.

SIKU 5, SIKU 5, SIKU 30

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Sheria ya mwenendo wa mashauri ya jinai ya mwaka 2019 imepanga mahabusu kama ngazi. Kidato cha kwanza ni cha upelelezi. Tangu mwaka 2018 kazi ya kupeleleza makosa ya jinai imekuwa ya Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda, RIB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2017. Kabla yake ilikuwa ya Polisi ya Taifa. Mpelelezi aweza kumshikilia mtuhumiwa kwa siku 5, ambazo haziongezwi. Kidato cha pili ni cha mwendesha mashtaka, naye ana siku 5 zake. Kidato cha tatu ni cha jaji. Akiona kwamba zipo sababu nzito za kumshuku mtu huyo, na kwa kawaida ikiwa kosa lenyewe lina adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 2, jaji aweza kuamuru awekwe mahabusu kwa siku 30, na amri hiyo yaweza kufanywa upya.

Tuzilinganishe siku hizo na za majirani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mbele ya hakimu katika saa 24, isipokuwa muda huo unapoishia katika siku ambayo mahakama haikai. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inatoa saa 48. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 nayo inasema saa 48. Kuandika saa 48 katika Katiba ni jambo moja na kuzifuata katika kila kituo ni jambo jingine, na msafiri yeyote wa eneo hili analijua hilo. Lakini kipimo kilichoandikwa huonyesha nchi imeamua kuuthamini kwa kiasi gani muda wa mtu.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Kijana mwendesha pikipiki wa Nyabugogo anashukiwa kuwa alibeba mzigo wa wizi. Anaingizwa katika kasho, kama wasemavyo wengi hapa Kigali. Zinapita siku 5, kisha siku 5 nyingine, kisha siku 30. Zimekwisha siku 40, na hadi hapo hakuna mahakama iliyosikiliza ushahidi wa kosa lenyewe. Pikipiki aliyokuwa akiilipia kidogo kidogo imechukuliwa na mwenyewe. Chumba alichopanga kina deni. Mtoto amerudishwa nyumbani kutoka shule. Siku ya 41 yaonekana kwamba mzigo ulikuwa wa abiria, na kijana hakujua kilichokuwamo. Anaachiwa. Ni nani atakayemrudishia zile siku 40? Hilo ndilo lililokuwa kiini cha ahadi ya fidia.

Upande wa pili nao una hoja zake, na askari wa upelelezi anazijua kuliko mtu mwingine. Wapo watuhumiwa wanaotoroka, na mipaka ya Rwanda si mbali na mtu yeyote aliye Kigali. Wapo wanaotisha mashahidi na wanaochoma karatasi. Yapo makosa ambayo, mtuhumiwa akiachwa nje, jirani zake hawatalala. Jaji anayeamuru siku 30 hafanyi hivyo kwa kupenda kuwatesa watu. Hata Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Rwanda ilijiunga nao mwaka 1975, haukatazi mahabusu. Unachokataza ni kuifanya iwe kanuni ya kawaida kwa kila anayengoja kesi. Kwa maneno mengine, kumwacha mtu nje ndiyo kanuni na kumweka ndani ndiyo hali ya pekee inayohitaji sababu. Mgombea alitaka utaratibu huo uondolewe kabisa. Mtu aweza kumpinga katika hilo, na bado akakubali kwamba kila siku ya mahabusu inapaswa kuwa na sababu iliyoandikwa.

WATU WASIOSHTAKIWA

Swali la pili ni gumu zaidi. Mtuhumiwa wa wizi, hata akikaa siku 40, ana jalada lenye namba, ana mwendesha mashtaka na ana jaji. Lakini katika vituo vya muda, kama kile cha Gikondo ambacho watu wa Kigali wamezoea kukiita Kwa Kabuga, huwekwa watu ambao aghalabu hawashtakiwi kwa kosa lolote mahakamani: wachuuzi wa barabarani, ombaomba, wanaotumia madawa ya kulevya, wanawake wanaodaiwa kufanya ukahaba, na watoto wasio na makao.

Serikali imeeleza kwamba vituo hivyo ni mahali pa kupitia tu, pa kumtambua mtu na kumsaidia kabla ya kumrudisha kwao au kumpeleka katika kituo cha urekebishaji, kama kile cha kisiwa cha Iwawa katika Ziwa Kivu. Agizo la waziri la mwaka 2018 likaweka kikomo cha miezi 2. Kwa upande mwingine, shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa mwaka 2015 na tena mwaka 2020 zilizoeleza habari za vipigo na msongamano, na serikali ikayakanusha madai hayo. Mwaka huo wa 2020 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto nayo iliitaka Rwanda ikomeshe kuwashikilia watoto katika vituo hivyo.

Hatuwezi kukata shauri hilo hapa. Lakini askari anayetumwa alfajiri kuusafisha mtaa anaweza kujiuliza jambo moja lililo wazi: mtu huyu ninayempandisha garini, nikiulizwa na jaji kosa lake, nitajibu nini? Mji safi ni jambo jema, na Kigali inasifiwa kwa usafi barani kote. Hata hivyo mama mwenye kapu la maparachichi si takataka. Mill angesema kwamba mama huyo hakumdhuru mtu. Ofisa wa jiji angesema kwamba anaziba njia na anawanyima riziki wenzake waliolipia vibanda sokoni. Hoja zote mbili zina uzito, na sheria nzuri ni ile inayozisikiliza zote mbili mbele ya mtu wa tatu asiye na upande.

ARDHI NA NYUMBA

Swali la tatu ni la mali. Tangu kampeni ya mwaka 2017 chama cha Bwana Habineza kimekuwa kikidai ardhi iwe mali kamili ya mwananchi. Kuanzia mwaka 2009 Rwanda ilifanya kazi ambayo nchi nyingi za Afrika hazijaifanya: ilipima na kuandikisha vipande vya ardhi zaidi ya milioni 10. Hata hivyo wengi wa walioandikishwa wana hati za upangaji wa muda mrefu, hadi miaka 99, na mpangishaji ni dola. Kodi nayo ilileta manung'uniko. Sheria ya mwaka 2018 iliruhusu kodi ya hadi faranga 300 kwa kila mita mraba. Sheria ya mwaka 2023 ikakishusha kiwango hicho hadi faranga 80. Kwa hiyo serikali yenyewe ilikubali kwamba mzigo wa awali ulikuwa mzito.

Katiba, katika ibara ya 34 na ya 35, inalinda mali ya mtu binafsi na haki yake katika ardhi, na inaruhusu itwaliwe kwa manufaa ya umma tu, kwa kufuata sheria na kwa fidia. Watu wa Kigali wanakumbuka habari ya Kangondo na Kibiraro, mitaa ya Nyarutarama iliyojulikana zaidi kwa jina la Bannyahe. Wakazi walitakiwa wahame tangu mwaka 2017, wapewe nyumba Busanza katika wilaya ya Kicukiro. Wengi walikataa, wakasema wanataka fidia ya fedha ili wachague wenyewe pa kuishi, na shauri likafika mahakamani. Mwezi Septemba 2022 nyumba zilizosalia zikabomolewa, polisi wakiwapo. Nyumba za Busanza zilikuwa za matofali na zenye maji. Ubishi haukuwa juu ya ubora wa nyumba. Ulikuwa juu ya nani mwenye haki ya kuchagua.

UPANDE WA PILI WA MIZANI

Msomaji mwenye umri wa kutosha atasema: maneno haya ya uhuru ni mazuri katika nchi ambazo hazikuona tulichokiona sisi. Ana haki ya kusema hivyo. Mwaka 1994, katika muda wa siku 100, watu zaidi ya milioni moja kwa hesabu ya serikali waliuawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Redio ya RTLM ilitumia uhuru wa kusema kuchochea uuaji. Jeshi la Umoja wa Mataifa likapunguzwa hadi askari wachache wakati wa haja kubwa kuliko zote. Mtu aliyejificha chini ya sakafu siku zile hakuota ndoto ya dola ndogo. Alimwomba Mungu amletee askari wa kumwokoa.

Ukweli huo hauna budi kuheshimiwa. Ndio sababu Katiba inaweka vita dhidi ya itikadi ya mauaji ya kimbari mbele ya mambo mengine, na ndio sababu wengi huona kwamba usalama ukitikisika, haki nyingine zote hazina pa kusimama.

Lakini historia hiyo hiyo inasema na jambo la pili. Uuaji ule haukutokana na ukosefu wa dola. Uliongozwa kwa mikono ya dola: maofisa wa mikoa, mabagamesta, sehemu za jeshi na za jandarmeri. Kitambulisho kilichotajwa kabila la mtu, ambacho Wabelgiji walikianzisha katika miaka ya 1930, kilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani kama hukumu ya kifo. Mtu mmoja mbele ya kizuizi hakuwa na haki yoyote iliyosimama baina yake na panga. Baada ya mwaka 1994 kabila liliondolewa katika vitambulisho, na hilo lilikuwa tendo kubwa la kumlinda mtu binafsi dhidi ya karatasi ya serikali.

Liko na somo la tatu. Baada ya vita, watu zaidi ya 100,000 walijazwa magerezani kwa tuhuma za mauaji ya kimbari, pamoja na katika lile gereza la kale la Kigali lililoitwa 1930 kwa mwaka wa kujengwa kwake. Wengi wao walikuwa wauaji kweli. Wengine walikaa miaka mingi bila jalada kamili, na mahakama za kawaida zisingeweza kuwamaliza katika umri wa binadamu. Mwaka 2003 maelfu waliachiwa kwa muda kwa tangazo la Rais, na mahakama za Gacaca, zilizofungwa Juni 2012, zilisikiliza mashauri karibu milioni 2. Kwa hiyo Rwanda yenyewe, bila kufundishwa na Locke wala Nozick, ilijifunza kwamba mahabusu isiyo na mwisho haitoi haki kwa aliyefiwa wala kwa anayetuhumiwa. Mwenye kufiwa hutaka hukumu, na kumfungia mtu mlango si hukumu.

KURA NA SWALI

Uchaguzi ulifanyika tarehe 15 Julai, 2024, baada ya walio ng'ambo kupiga kura siku iliyotangulia. Watu 9 walikuwa wameomba kugombea urais, na 3 wakakubaliwa. Rais Paul Kagame alipata asilimia 99.18. Bwana Habineza alipata asilimia 0.50, na mgombea huru Philippe Mpayimana asilimia 0.32. Kama maswali ya haki yangejibiwa kwa hesabu ya kura, basi lile la siku 30 lilikuwa limejibiwa.

Lakini haki ya mtu mmoja haiwekwi kwenye sanduku la kura, na hapo ndipo watetezi wa uhuru wa mtu binafsi wanaposema kweli hata kwa wasiokubaliana nao katika mengine. Haki imeandikwa katika Katiba kwa ajili ya yule ambaye hana wengi nyuma yake. Ibara ya 24 inalinda uhuru na usalama wa kila mtu. Ibara ya 14 inakataza mateso na kumdhalilisha mtu. Ibara ya 29 inasema mtu ahesabiwe kuwa hana hatia mpaka mahakama imtie hatiani. Ibara hizo zilikuwamo kabla ya kampeni, na hazikupungua nguvu baada ya matokeo kutangazwa.

Tena zinamhusu askari mwenyewe. Askari naye hutuhumiwa: risasi imepotea ghalani, gari la kikosi limegonga mtu, raia amelalamika kwamba alipigwa. Siku hiyo yeye ndiye mtu mmoja mbele ya dola. Atataka aelezwe kosa lake, apate wakili, jamaa zake wajue alipo, na mkubwa wake asimhukumu kabla ya mahakama ya kijeshi. Anachokitaka siku hiyo ndicho alichodaiwa jana na yule kijana wa pikipiki.

LILILO MKONONI MWA ASKARI

Askari hatungi sheria. Siku 30 zikipunguzwa au zikibaki, uamuzi ni wa Bunge, na vituo vya muda vikifungwa au vikiendelea, uamuzi ni wa serikali. Hata hivyo kuna mambo ambayo hayangoji Bunge, nayo huamuliwa kila usiku na askari wa zamu mwenye kalamu.

Askari huyo ndiye anayeandika saa ambayo mtu aliingizwa, na siku 5 zinahesabiwa kutoka hapo. Akiandika saa ya uongo, amemwibia mtu siku nzima kwa tone la wino. Ndiye anayeamua kama simu ya mke itapokewa na kujibiwa kwa kweli. Ndiye anayemwambia afande wake, kwa adabu na bila kigugumizi, kwamba muda wa huyu umekwisha leo jioni. Ndiye anayeona jeraha ambalo halikuwapo asubuhi na kuliandika. Kwa kazi hizo hahitaji kuwa mfuasi wa chama chochote. Anahitaji kuijua sheria aliyoapa kuilinda, na kukumbuka kwamba kitabu cha zamu huja kusomwa na watu wengine: mkaguzi, jaji, na pengine mtoto wa aliyewekwa ndani.

Lassalle alidhani kwamba kumwita mtu mlinzi wa usiku ni kumdharau. Mwenye kulala usingizi wa amani katika mtaa wa Kimisagara au wa Remera hatakubaliana naye. Mlinzi ni mtu mkubwa. Lakini wakazi humpa rungu na taa kwa pamoja: rungu ni la mwizi, na taa ni ya kumtazama usoni kabla ya kulinyanyua rungu, ili ahakikishe kwamba ni mwizi kweli.